Vilivyofichwa na Wanaovitafuta: Kutoka Oregon hadi Mtambwe Mkuu

Tarehe 1 Mei 2000, Rais Bill Clinton wa Marekani alitangaza kwamba kuanzia usiku huo serikali yake ingeacha kuvuruga kwa makusudi mawimbi ya setilaiti za GPS. Hadi siku hiyo mfumo ule, uliojengwa na jeshi la Marekani, ulikuwa na nyuso mbili. Wanajeshi walipata vipimo sahihi. Raia wa dunia nzima, pamoja na nahodha wa Mkoani na mvuvi wa Wesha kama wangekuwa na chombo cha kupokea mawimbi hayo, walipata vipimo vilivyotiwa kasoro ambayo ingeweza kumpotosha mtu kwa takriban mita mia moja. Mita mia moja katika bahari kuu si kitu. Mita mia moja katika mlango wenye mwamba ni uhai na mauti.

Siku mbili baadaye, tarehe 3 Mei, mtaalamu wa kompyuta aitwaye Dave Ulmer alichukua ndoo, akatia ndani vitabu, fedha kidogo, manati, kopo la maharagwe na vikorokoro vingine, akaifukia nusu yake msituni karibu na Beavercreek katika jimbo la Oregon. Kisha akatangaza kwenye intaneti latitudo na longitudo ya mahali pale. Alitaka kujua kama mgeni asiyemjua angeweza kuifikia ndoo hiyo kwa tarakimu peke yake. Katika muda wa siku chache watu wawili walikwisha kuifikia. Kufikia mwisho wa mwezi mchezo ulikuwa umepata jina, jiokeshingi, na leo makasha yaliyofichwa duniani yamepita milioni tatu.

Kanuni zake ni chache. Anayetafuta hupewa tarakimu. Anapolipata kasha huandika jina lake na tarehe katika daftari lililomo. Akichukua kitu, huacha kingine chenye thamani sawa au zaidi. Kisha hulirudisha kasha mahali pale pale, lifichike kama lilivyokuwa, ili ajaye naye aonje tabu ya kutafuta. Waingereza wana mchezo wa jamaa yake, mkongwe zaidi, ulioanzia katika nyika ya Dartmoor mwaka 1854, pale kiongozi wa wasafiri James Perrott alipoweka chupa katika dimbwi la Cranmere ili waliofika waachemo kadi zao.

Nani hasa huucheza mchezo huu? Watu wa kila namna. Lakini kuna kundi moja ambalo limenivutia kuliko mengine, nalo ni la wale waliouza au kupangisha nyumba zao wakahamia katika magari-nyumba, yenye kitanda, jiko na choo ndani yake, wakazunguka mwaka mzima wakifuata majira ya hali ya hewa. Wengi wao ni wastaafu. Kila wanapoegesha hufungua simu na kutazama ni vificho gani viko karibu, na mara nyingi huandamana na marafiki waliokutana nao njiani, magari matatu au manne, kisha hutengana na kukutana tena mamia ya kilomita mbele. Mtu wa maisha hayo hana mtaa. Kasha lililofichwa humpa sababu ya kushuka garini, kutembea kwa miguu, kujifunza jina la kilima, na kuacha jina lake mahali ambapo hatakaa.

Mwanafunzi wangu mmoja, mkaazi wa Madungu hapa Chake Chake, alisoma habari za watu hawa akaniuliza: "Mwalimu, mbona sisi hatuna mambo kama haya? Gari-nyumba hatuna, haya. Lakini na kutafuta nako?" Swali lile limekaa nami, kwani kisiwa cha Pemba kimetafutwa sana. Kimepimwa, kimechimbwa, kimechorwa. Kilichokosekana mara nyingi ni zile kanuni mbili za mwisho: kuandika katika daftari linalobaki hapo hapo, na kurudisha.

Tuanze na nyumba ya kusafiria. Kabla ya magurudumu, watu wa mwambao huu walikuwa na nyumba iendayo juu ya maji. Mabaharia waliosafiri kwa pepo za msimu, wakishuka na kaskazi na kupanda na kusi, waliishi chomboni kwa miezi mingi ya mwaka. Walipika humo, walilala humo, walisali humo. Hawakuwa watalii, na mimi si katika wale wanaopenda kuifanya bahari ya zamani kuwa bustani ya mapumziko; katika vyombo vile vile walibebwa pia watumwa. Lakini ustadi wa kujua mahali ulikuwemo. Nahodha alipima urefu wa nyota kutoka upeo wa macho kwa kamali, kibao kidogo chenye uzi wa mafundo ulioshikwa kwa meno, na kipimo chake kilihesabiwa kwa vidole. Vipimo vya bandari moja baada ya nyingine viliandikwa katika rahmani, kitabu cha njia ambacho nahodha alikitunza kama mali. Ahmad bin Majid, baharia mkubwa wa karne ya 15, aliitungia njia ya Sofala utenzi mzima wa Kiarabu ili wanafunzi wake wauhifadhi kichwani. Kwa hiyo latitudo ilijulikana. Longitudo ndiyo iliyomshinda kila mtu wa zama zile, Mwarabu, Mreno na Mswahili sawia.

Pemba ilikuwemo katika maarifa hayo kwa jina la Kiarabu lenye maana ya Kisiwa cha Kijani. Mwanajiografia Yaqut, aliyefariki mwaka 1229, alijua kwamba kina miji miwili, na jina la mmoja wao tunalitambua bila shida hadi leo: Mtambwe.

Mtambwe Mkuu iko kusini ya Wete, ni ncha ya ardhi ambayo maji yakijaa hubaki kama kisiwa na yakitoka huvukika kwa miguu kati ya mikoko. Mgeni akifika leo hataona kasri. Ataona minazi, mihogo, vigae, na mabaki machache ya majengo. Hapo, mwaka 1984, ilifukuliwa akiba ya sarafu zaidi ya elfu mbili, nyingi mno za fedha, ndogo na nyembamba, na pamoja nazo dinari chache za dhahabu za dola ya Fatimia ya Misri. Taarifa ya kitaalamu ilitolewa mwaka 1986 na Mark Horton, Helen Brown na W. A. Oddy katika jarida la *Azania*.

Naomba msomaji wangu atulie hapa kidogo, maana uzito wa akiba hii hautokani na wingi wake. Sarafu za fedha zimepigwa kwa majina ya watawala wa Kiislamu wa mwambao, lakini hazina tarehe wala jina la mji zilikopigwa. Kama sarafu moja kati ya hizo ingeokotwa peke yake sokoni, ingetuambia jina la mtu na imani yake, basi. Dinari za Misri ndizo zenye tarehe, na ya mwisho kati yake ni ya miaka ya 1060. Kwa kuwa zote zilikaa shimoni pamoja, dhahabu ikaitolea ushahidi fedha: watawala hawa walikuwepo kabla ya akiba kufukiwa, yaani katika karne ya 11 au kabla yake. Miongoni mwao yumo Ali bin al-Hasan, jina ambalo wanahistoria walilijua kutokana na sarafu na masimulizi ya Kilwa, na ambalo wataalamu waliotangulia walikuwa wameliweka karibu na mwaka 1200. Kwa hiyo sehemu ya historia ya Kilwa ilisogezwa nyuma zaidi ya miaka mia moja kwa ushahidi wa Pemba. Iligundulika pia kwamba watu wa kisiwa hiki walitumia fedha yao iliyopigwa huku huku katika zama ambazo vitabu vya skuli, nilivyovisoma mimi, vilikuwa bado vinamngoja Mreno ili historia ianze.

Nani aliyezifukia? Hatuna jina lake. Twaweza kusema tu kwamba alikuwa na mali, aliogopa jambo fulani au alijitayarisha kwa safari, akakusudia kurudi. Akiba ikikaa ardhini zaidi ya miaka mia tisa, basi mwenyewe hakurudi. Katika mchezo wa Oregon, anayeficha huwatangazia wote. Huyu wa Mtambwe hakumwambia mtu, au aliyemwambia naye alikufa. Tofauti hiyo si ndogo. Lakini kimoja kinafanana: thamani yote imo katika mahali. Dinari na sarafu za fedha zingetawanywa, moja kwa mfua dhahabu, nyingine kwa mgeni, nyingine shingoni mwa mtoto, tusingejua lolote kati ya hayo niliyoyasema.

Ushahidi wa jambo hili uko pia upande wa pili wa Bahari ya Hindi. Mwaka 1944, Maurie Isenberg, mwanajeshi wa anga wa Australia aliyekuwa akihudumu katika visiwa vya Wessel kaskazini mwa nchi ile, aliokota sarafu tisa ufukweni. Alizitia kopo la bati, akazisahau hadi mwaka 1979 alipozipeleka zitambuliwe. Nne zilikuwa za Waholanzi. Tano zilikuwa za Kilwa. Namna zilivyofika huko ni fumbo ambalo watu wamelijibu kwa dhana nyingi kuliko ushahidi. Lakini Isenberg alifanya jambo moja la busara: alitia alama ya msalaba katika ramani kuonyesha alipoziokota. Ni kwa sababu ya alama hiyo ndipo timu ya watafiti iliyoongozwa na Ian McIntosh iliweza, mwaka 2013, kurudi pale na kuuliza maswali ya maana. Bila msalaba ule, zingekuwa vipande vitano vya shaba katika kopo.

Sasa tugeukie upande wa wapimaji. Ramani za kitaalamu za mwambao wetu zilianza kwa safari ya Kapteni William Owen wa jeshi la maji la Uingereza, aliyekuja na meli mbili, *Leven* na *Barracouta*, kati ya mwaka 1822 na 1826. Alikuwa na saa za baharini, kwa hiyo longitudo iliyomshinda Ibn Majid yeye aliipata. Homa iliwaua mabaharia wake wengi. Kazi yake ya ramani ilikuwa bora, na ilitumika kwa miaka mingi. Lakini tazama kilichotokea alipotia nanga Mombasa mwezi Februari 1824. Mazrui, waliokuwa wamenyang'anywa Pemba muda mfupi kabla na majeshi ya Sayyid Said wa Oman, waliomba ulinzi wa Uingereza, na katika masharti yao wakataka warudishiwe milki zao za zamani, Pemba ikiwemo. Owen alikubali. Mpimaji wa kina cha maji akawa mtia saini wa mkataba juu ya kisiwa ambacho watu wake hawakuwepo mezani. Mwaka 1826 serikali yake ilijitoa, na Pemba ikabaki mikononi mwa Sayyid Said. Baadaye ikapandwa mikarafuu, na hayo mengine yanajulikana.

Karibu miaka tisini baadaye alikuja mpimaji mwingine, Kapteni J. E. E. Craster, mhandisi wa jeshi la Uingereza, ambaye baada ya kukipima kisiwa alichapisha kitabu mwaka 1913, *Pemba, the Spice Island of Zanzibar*. Huyu ndiye aliyekaribia zaidi maisha ya gari-nyumba: hema, wapagazi, kambi inayohama kutoka kilima hadi kilima. Ni kitabu cha kusomeka, na mwandishi wake ana jicho. Hata hivyo mtu akikisoma leo atahisi jambo ambalo Craster hakukusudia kulisema. Kila kilima alichokipanda kilikuwa na jina kabla hajafika, na kila jina lililoingia ramanini lilitamkwa kwanza na Mpemba aliyesimama kando yake. Ramani ilikwenda, aliyetamka jina alibaki mashambani, na jina lake mwenyewe halimo.

Afisa wa kikoloni F. B. Pearce aliyaeleza magofu ya Pemba katika kitabu chake cha mwaka 1920, na James Kirkman alichimba Ras Mkumbuu katika miaka ya 1950. Siwalaumu kwa kuchimba. Bila wao tungejua kidogo zaidi. Lakini walichotafuta kilikuwa mawe: misikiti, makaburi yenye nguzo, majumba. Pujini, kusini-mashariki ya Chake, iliwavutia kwa sababu ya kuta zake na kwa sababu ya Mkama Ndume, mtawala wa hadithi ambaye husemekana aliwabebesha raia zake mawe wakijisogeza kwa makalio. Kila mtoto wa Pemba ameisikia. Ni wangapi waliosikia kwamba chini ya ardhi ya Pujini kuna chumba ambacho ukutani mwake imechongwa siwa kwa lipu? Siwa, pembe ya enzi, ikiwa imefichwa gizani, mahali ambapo wachache tu wangeweza kuiona. Adria LaViolette, aliyechimba hapo katika miaka ya 1990, ameandika juu ya chumba hicho. Mimi hukihesabu kuwa kificho cha ajabu kuliko akiba ya Mtambwe: aliyekijenga alikusudia kionekane, ila na nani na lini, hayo aliyaamua yeye.

LaViolette na mwenzake Jeffrey Fleisher walifanya jambo jingine ambalo wanafunzi wa historia wangepaswa kulijua kwa moyo. Kaskazini ya Pemba hawakwenda kwenye mawe pekee. Walitembea mashambani kwa mistari, wakichimba vishimo vidogo kwa koleo, wakichekecha udongo, wakiandika mahali pa kila kishimo. Kwa njia hiyo vilionekana vijiji vingi vya udongo na miti ambavyo hakuna mpanda kilima yeyote angeviona. Huko Tumbe, mji uliokuwepo kati ya karne ya 7 na ya 10, vigae vyenye mifereji vilivyotumika kusagia shanga vilipatikana kwa maelfu. Wenye mji wa Tumbe hawakuacha nguzo hata moja ya jiwe. Waliacha kazi zao. Historia ya Pemba iliyotafutwa kwa macho ilikuwa historia ya wenye majumba. Ilipotafutwa kwa kipimo na subira, wakulima na mafundi nao wakajitokeza.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wale wanaosema kwamba kutafuta kwa GPS ni anasa ya Wazungu wasio na kazi. Tuna watafutaji wetu, na hawachezi. Tanzania Bara kuna imani iliyoenea kwamba Wajerumani walipokimbia katika Vita vya Kwanza vya Dunia walifukia mali, na kwamba alama zilizo juu ya mawe, nguzo za wapimaji, makaburi na maboma ni funguo za mahali zilipo. Imani hiyo haikuzuka hewani. Mwaka 1916, wakiwa wamezingirwa, Wajerumani walipiga Tabora sarafu ya dhahabu ya rupia 15, yenye picha ya tembo upande mmoja, kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke. Sarafu hiyo ipo kweli, na huuzwa kwa bei kubwa. Kutokana na ukweli huo mdogo umezaliwa msako mkubwa: watu hununua vigunduzi vya metali, huwalipa waganga, hubomoa makaburi, hung'oa nguzo za mipaka ya ardhi wakiamini kuna kitu chini yake. Nguzo iliyowekwa ili kijiji kijue mpaka wake hugeuka kuwa shimo, na kijiji hubaki na kesi ya mpaka.

Mtafutaji wa aina hii ana kila alicho nacho mchezaji wa Oregon: alama, kifaa, marafiki, usiku wa kuamkia safari. Anakosa daftari. Akipata hasemi, akikosa haandiki, na kwa vyovyote vile hafukii. Naye hatuna haki ya kumcheka, kwani hakuna aliyemwonyesha kwamba kigae kilichoandikwa mahali pake kina manufaa kwake. Ameona tu kwamba vinavyopatikana huondoka.

Mzee mmoja wa kijiji cha kaskazini aliwahi kuniambia, tukiwa tumekaa barazani baada ya Alasiri: "Mwanangu, wageni huja, hupima, hutushukuru sana, huenda zao. Mimi najua walipopima, kwa sababu mashimo niliyachimba mimi. Wanachojua wao juu ya shamba langu, ndicho nisichokijua." Sikumjibu. Taarifa nyingi juu ya Pemba zimo katika majarida ya Kiingereza ambayo hata sisi wa vyuoni huyasoma kwa kuombana nakala.

Mambo yanabadilika, na yanabadilishwa na vijana. Nairobi, mtaa wa Kibera ulikuwa karibu doa tupu katika ramani za umma hadi mwaka 2009, pale vijana wa mtaa wenyewe walipotembea na vipokezi vya GPS katika mradi wa Map Kibera, wakaandika vyoo, visima, skuli, zahanati na njia za hatari. Dar es Salaam, kuanzia mwaka 2015, wanafunzi wa vyuo walishirikiana na wakaazi katika Ramani Huria kuchora mitaa inayofurika. Na hapa Zanzibar, kuanzia mwaka 2016, Unguja na Pemba zilipigwa picha kutoka angani kwa ndege ndogo zisizo na rubani, kazi iliyowashirikisha wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar pamoja na Kamisheni ya Ardhi. Nahodha wa zamani alihitaji maisha mazima kuyapata maarifa ya mahali. Kijana wa bodaboda wa Madungu leo anayo mfukoni, kwa sababu ya uamuzi uliofanywa Washington usiku wa Mei. Uamuzi ule haukufanywa kwa ajili yake, na hana mkataba nao. Hilo nalo liwekwe akilini.

Swali gumu kwa watumishi wa umma ni hili: je, tarakimu za mahali pa kale zitangazwe? Nimewasikia maafisa wakisema zifichwe, kwani kutangaza ni kuwaita wenye vigunduzi. Nimewasikia wanaharakati wakisema zitangazwe zote, kwani mali ya umma haiwezi kuwa siri ya ofisi. Mimi naona wa kwanza wanasahau kwamba wenye vigunduzi tayari wanajua. Mkulima anajua, mvuvi anajua, mwenye kununua vitu vya kale anajua. Anayefichwa kwa kweli ni mwanafunzi. Wa pili nao wanasahau kwamba eneo lisilo na mlinzi wala jirani anayelijali hutangazwa mara moja tu, halafu huisha. Chumba cha Pujini hakihitaji umati.

Wachezaji wa jiokeshingi wenyewe walikutana na tatizo hili mapema, kwani mbuga za taifa za Marekani zilikataa makasha yafukiwe ndani yake. Jibu lao lilikuwa kuondoa kasha na kubakisha safari. Tangu mwaka 2004 kuna aina ya vificho visivyo na kitu: mtu hupewa tarakimu, hufika, na huthibitisha kufika kwake kwa kujibu maswali ambayo hujibika kwa kutazama tu. Hagusi, hachimbi, haachi. Aina hiyo ilibuniwa kwa ajili ya miamba na jiolojia. Hakuna kinachozuia itumike kwa magofu, kwa idhini ya mamlaka ya mambo ya kale na kwa ridhaa ya wenye shehia.

Nimekwisha kuandika maswali ya majaribio kwa ajili ya wanafunzi wangu, kwa maeneo ambayo tayari yanajulikana na kutembelewa: ngome ya Chake Chake, ambayo wengi wao huipita kila siku bila kuingia, na kuta za nje za Pujini. Kwenye ngome wanaulizwa ni upande upi umebomolewa na ni jengo gani la karibu lililochukua nafasi yake. Pujini wanaulizwa ukuta umeelekea wapi, na mtu aliyesimama juu yake angeona chombo kikiingia kutoka upande gani. Swali la mwisho haliko katika simu, na jibu lake halimo kwenye intaneti: wamtafute mtu mzima wa pale, wamwombe awatajie jina la kila shamba linaloonekana kutoka hapo waliposimama, wayaandike majina katika daftari la kurasa ngumu, na jina la msemaji akiridhia, kisha daftari walikabidhi kwa sheha. Nakala kwangu si lazima.